Mwandishi Mpya, Kodisha, Usiuze

Swali linaloingia kwenye simu yangu kuliko jingine lolote ni hili: "Dada, nimemaliza riwaya. Wakala nitampata wapi?" Huja usiku, saa tano kwenda saa sita, na asubuhi nikiamka nakuta mwenye swali ameshatuma na riwaya yenyewe kwa WhatsApp, kurasa mia tatu na ushei. Wengine ni wanafunzi wa Egerton kule Njoro. Mwingine ni mwalimu wa Molo. Mmoja ni kijana wa boda wa papa hapa Section 58, ambaye huandika kwenye daftari za shule akisubiri abiria, pikipiki imeegemea ukuta. Nawaheshimu nyote, maana najua kumaliza kitabu kunavyomla mtu.

Kwa wasionijua: nilikuwa mhariri Nairobi miaka kumi na moja, kisha nikarudi Nakuru. Siku hizi nasoma miswada ya watu, nawasaidia kuinyoosha, na ile iliyoiva naipeleka mwenyewe kwa wachapishaji ninaowafahamu. Wapo wanaoniita wakala. Kazi ya wakala naifanya, ila mkate wangu hautoki huko. Natafsiri na kuhariri vitabu vya shule, na hiyo ndiyo inayolipa kodi ya nyumba. Nimelisema hili mapema kwa sababu lina uhusiano na swali lako.

Wakala wa vitabu ni mtu anayesimama kati ya mwandishi na mchapishaji. Anasoma mswada, akiupenda anakaa na mwenyewe kuurekebisha, halafu anaupeleka kwa mhariri anayeamini atauelewa. Mhariri akiutaka, wakala ndiye anayebishana juu ya mkataba. Hatozi mtu pesa za kusoma. Anakula pale tu mwandishi anapokula: kwa kawaida ya Uingereza na Marekani, asilimia 15 ya pesa za mwandishi kitabu kikiuzwa nyumbani, na 20 kikiuzwa nchi za nje.

Sasa chukua kalamu tupige hesabu pamoja. Riwaya yako imechapishwa Nairobi, bei ya dukani ni shilingi 600, na mkataba unasema mrabaha wako ni asilimia 10. Ukiwa na haraka utasema unapata shilingi 60 kwa kila nakala. Lakini soma tena. Mikataba mingi husema asilimia 10 ya mapato halisi, yaani ya zile pesa zinazomfikia mchapishaji duka likishachukua chake. Tuseme duka limepewa punguzo la asilimia 40. Zinabaki 360, na chako ni shilingi 36. Zikiuzwa nakala 1,000, na amini usiamini, kwa mwandishi asiyejulikana ambaye kitabu chake hakifundishwi shuleni, nakala 1,000 ni jasho, unapata shilingi 36,000. Ondoa kodi ya zuio ya asilimia 5, ambayo ni 1,800. Umebaki na 34,200.

Wakala wako angepata nini hapo? Asilimia 15 ya 36,000 ni shilingi 5,400. Hayo ndiyo malipo ya kusoma mswada mara tatu, kukushika mkono miezi minane, na kupanda matatu kwenda Nairobi na kurudi zaidi ya mara moja. Ndiyo sababu humwoni. Si kwamba Kiswahili hakina waandishi, wala si kwamba watu wa huko nje wana moyo kuliko sisi. Wakala wa London anaishi kwa sababu kitabu kimoja anakiuza mara nyingi: kwanza Uingereza, kisha Marekani, kisha tafsiri ya Kijerumani, ya Kifaransa, kitabu cha kusikiliza, filamu. Kila mara anapata kipande. Sisi riwaya ya Kiswahili tunaiuza mara moja, kwa mtu mmoja, kila kitu kwa mpigo, na hakuna kinachobaki cha kumlisha mtu wa kati. Wala cha kumlisha mwandishi.

Hapo ndipo moyo wangu unapouma, na nitaparudia. Kwanza tuangalie mswada wenyewe, kwa sababu mkataba hauji kama mswada haujasomeka.

Ninapofungua mswada, nasoma kurasa kumi za kwanza bila kushika penseli. Nataka nijue kama kuna mtu ndani. Mara nyingi sana ninachokuta ni jogoo. Jogoo amewika, jua linachomoza mashariki, umande uko kwenye nyasi, ndege wanaimba, na mhusika anajinyoosha kitandani huku methali mbili zikipita. Mdogo wangu, najua ulikoipata hiyo. Uliipata darasani. Tulifundishwa sote kuandika insha ya mtihani hivyo, na mwalimu akatuwekea tiki pembeni kwa kila tashbihi. Insha ile ilikuwa na dakika arubaini na msomaji mmoja anayelipwa kuimaliza. Msomaji wa riwaya halipwi. Analo chaguo la kufunga kitabu akaangalia simu yake.

Yule kijana wa boda aliniletea daftari saba kwenye bahasha ya kaki. Jogoo alikuwamo. Kulikuwa na kurasa arubaini za utoto, za mandhari ya Menengai, za historia ya ukoo mzima. Kwenye ukurasa wa arubaini na moja kuna mama wa Bondeni anayehesabu pesa za mahamri juu ya kifuniko cha sufuria. Anahesabu mara ya kwanza, shilingi tano imepungua. Anahesabu tena. Mara ya tatu anamwangalia mwanawe wa mwisho, na mtoto anatazama miguu yake. Nilisimama hapo. Nikampigia simu usiku ule ule nikamwambia, kitabu chako kinaanza hapa.

Alinyamaza wiki mbili. Nilidhani nimempoteza. Kurasa arubaini zilizoandikwa kwa mkono si mchezo, na ndani yake kulikuwa na babu yake. Lakini alirudi, na babu alikuwa ameingia kwenye sura ya tano kwa mistari sita iliyotosha kabisa. Kukata huko ndiko kazi ya wakala mzuri, na ndiyo sehemu unayoweza kuifanya bila wakala yeyote: mpe mswada wako msomaji asiye ndugu wala mpenzi, kisha umuulize jambo moja tu, "Ulianza kutaka kujua kitakachotokea ukurasa wa ngapi?" Akikutajia ukurasa, anza hapo.

Jambo jingine la lugha, na hili nalisema kwa uchungu wa mtu anayeupenda mji wake. Sisi wa Nakuru tumekaa pamoja Wakikuyu, Wakalenjin, Waluhya, Waluo, Wakisii na wengineo, na kila mmoja ana Kiswahili chake chenye lafudhi ya kwao. Mama mboga wa Kaptembwo hasemi kama mtangazaji wa taarifa ya habari. Kwenye miswada yenu anasema hivyo hivyo! Anamwambia mteja wake, "Je, ungependelea kununua nyanya?" Sikatai Kiswahili sanifu. Masimulizi yako yawe safi, sarufi isimame wima. Lakini mhusika akifungua kinywa, mwache awe mtu wa mtaani kwake. Ukiweza kunifanya nisikie kwamba huyu ametoka Subukia na huyu amezaliwa Flamingo bila kunitajia kabila lake, umeshanishinda, nitasoma mpaka mwisho.

Sasa mswada umekaa sawa. Uchape. Karatasi ya A4, fonti ya 12, nafasi maradufu kati ya mistari, kurasa zenye nambari, jina lako na simu ukurasa wa kwanza, faili moja. Picha za daftari zilizopigwa kwa simu hazisomwi na mhariri yeyote niliyewahi kufanya naye kazi. Pamoja na mswada weka barua ya ukurasa mmoja inayosema kitabu kinahusu nini na wewe ni nani, na muhtasari wa ukurasa mmoja au kurasa mbili. Katika muhtasari, sema mwisho. Nusu ya mihtasari ninayopokea inakatika pale hadithi inapopamba moto, na mwandishi anaandika, "Soma kitabu ujue." Mhariri si msomaji wa kupewa hamu. Anataka kujua kama unajua kumaliza hadithi, kwa sababu riwaya nyingi zinavunjikia huko.

Na weka nakala. Nasema weka nakala! Mwaka 1957 Chinua Achebe alituma mswada wa Things Fall Apart kwa wapiga taipu wa London. Ulikuwa wa mkono, na hakuwa na mwingine. Miezi ikapita kimya. Mswada ule uliokolewa na mkubwa wake kazini katika redio ya Nigeria, mama aliyeitwa Angela Beattie, ambaye alikwenda London likizo akapita mlangoni kwao kuuliza kazi ya kijana wake imefikia wapi. Ndipo ulipochapwa. Ukapelekwa kwa wakala, wakala akauzungusha, na mwaka 1958 Heinemann wakachapisha nakala 2,000. Fikiria kama yule mama angekwenda likizo mahali pengine. Wewe una barua pepe. Jitumie mswada wako kila Ijumaa, haikugharimu zaidi ya bando ndogo.

Umeona pia kwamba kabla ya wakala kulikuwa na mtu. Karibu kila mara kuna mtu. Ngũgĩ wa Thiong'o alikuwa bado mwanafunzi Makerere mwaka 1962, waandishi wa Afrika walipokutana pale Kampala kwa mkutano. Alimpa Achebe mswada wake asome. Achebe akaupitisha kwa watu wa Heinemann, na Weep Not, Child kikatoka 1964. Mwandishi aliyetangulia alimfungulia mlango anayefuata, basi.

Na sisi wa Nakuru tuna la kujivunia hapa. Mwandishi Binyavanga Wainaina alizaliwa mjini humu mwaka 1971. Alipopata Tuzo ya Caine mwaka 2002 hakukaa nayo peke yake, mwaka uliofuata jarida la Kwani? likazaliwa. Miaka kadhaa baadaye Kwani wakaitisha shindano la miswada ya riwaya, na mshindi wa 2013 akawa Jennifer Nansubuga Makumbi wa Uganda, kwa riwaya yake Kintu. Mama huyu alikuwa ameanza kuiandika tangu 2003. Wachapishaji wa Uingereza, nchi anakoishi, waliikataa, wakisema ni ya Kiafrika mno. Ilichapishwa Nairobi mwaka 2014. Hapo ndipo Wamarekani wakaitaka, wakaitoa 2017, na Waingereza wale wale wakaipata 2018. Kila ninapopata barua ya kukataliwa mswada wa mtu, nakumbuka miaka ile kumi na mmoja kutoka ukurasa wa kwanza wa Kintu mpaka jalada, na namkumbuka kijana wa Nakuru aliyeanzisha nyumba iliyoipokea.

Kwa Kiswahili, mlango ulio wazi kuliko yote umekuwa mashindano, na si jambo la jana. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar aliingia kwa mlango huo: Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau la 1957 na 1958, ikachapishwa 1960, na mpelelezi wake Bwana Msa akaingia nyumbani kwetu sote. Siku hizi ipo Tuzo ya Kiswahili iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, ambayo baadaye ikaitwa Safal-Cornell. Iliundwa ikiwa na zawadi za jumla ya dola 15,000, na inapokea miswada ambayo haijachapishwa. Mshindi wa kwanza wa riwaya, mwaka 2015, alikuwa mwanamke, Anna Samwel Manyanza wa Tanzania, kwa Penzi la Damu. Ukiniuliza utume wapi kabla ya kutafuta mtu yeyote wa kukuwakilisha, nitakwambia anza na tuzo. Majaji husoma bure, na jina lako likitajwa hata katika orodha fupi, mhariri wa Nairobi atafungua barua yako siku ile ile.

Mlango wa pili ni Maonyesho ya Kimataifa ya Vitabu ya Nairobi, yanayofanyika Septemba, Westlands, Sarit Centre. Nenda. Usiende na mswada kwapani. Nenda uangalie nani anachapisha riwaya za namna yako, chukua majina ya wahariri, nunua kitabu kimoja, salimia. Barua yako ikifika mwezi unaofuata ikianza na "Tulisalimiana kwenye meza yenu," haifanani tena na barua arubaini nyingine alizopokea mhariri.

Lipo jambo ambalo huwa linanitia simanzi, nalo ni vitabu teule, vile ambavyo taasisi ya mitaala, KICD, huvichagua visomwe shule za sekondari. Kila mwandishi chipukizi anayekuja kwangu ananong'ona: "Dada, hii inaweza kupitishwa na KICD?" Naelewa kwa nini. Kidagaa Kimemwozea cha Ken Walibora kilisomwa na kizazi kizima cha kidato cha nne, kisha kikaja Chozi la Heri cha Assumpta Matei, kisha Nguu za Jadi cha Clara Momanyi. Kitabu kikiteuliwa hesabu yetu ya nakala 1,000 inakuwa kitu cha kusahau, na maisha ya mwandishi yanabadilika kweli. Lakini kiti ni kimoja kwa miaka kadhaa, na nchi nzima inakiangalia. Mwandishi anayeandika akiwa ameshika kiti hicho machoni anaanza kujikata mwenyewe. Wazazi wote wanakuwa na hekima, mwovu anaadhibiwa sura ya mwisho, na mapenzi yanaishia kwenye kushikana mikono. Kitabu kinakuwa na maswali ya marudio ndani yake kabla hakijawa kitabu. Mwandikie mtu ambaye hatatahiniwa: yule dada wa kinyozi anayesoma kati ya wateja, dereva anayengoja matatu ijae. KICD wakikipenda baadaye, alhamdulillahi.

Kuna na matapeli. Anakuja mtu, ana tovuti nzuri na kadi ya biashara, anajiita wakala au mchapishaji, na ndani ya wiki moja amesema riwaya yako ni ya ajabu. Kisha inatoka bei: pesa za kusoma, za kuhariri, za jalada, za "kuingiza kitabu sokoni". Namjua msichana wa Lanet aliyeuza ng'ombe wa mamake, akapata maboksi matano ya vitabu vilivyobandikwa gundi mbaya, na maboksi yako chini ya kitanda mpaka leo. Nilivishika vile vitabu. Ukifungua ukurasa wa hamsini, unabaki mkononi. Kujichapishia kitabu si dhambi. Namba ya ISBN utaipata kwa Huduma ya Maktaba ya Taifa, mpiga chapa utamtafuta, mhariri utamlipa, na vitabu vyote ni vyako. Lakini hapo wewe ndiye mchapishaji na unajua hivyo. Anayejiita wakala wako na kukudai pesa kabla hajauza chochote si wakala wako, wewe ndiwe soko lake.

Nimefika penye mfupa.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita nilipoandika hadithi ya watoto, kurasa thelathini na mbili, ya mbuzi anayekwenda soko la Wakulima peke yake. Kampuni moja iliitaka. Niliitwa ofisini, nikapewa soda, karatasi tatu, na hundi ya shilingi 15,000. Nilisaini zote bila kuketi sawasawa kwenye kiti. Furaha ilinijaa kifuani nikashindwa kusoma. Kifungu cha nne kilisema kwamba namkabidhi mchapishaji haki zote za kazi hiyo, kwa lugha zote, kwa namna zote, duniani kote, kwa muda wote wa hakimiliki. Sheria yetu ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inaupa muda huo maisha ya mwandishi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Niliwauzia uzee wangu na ujana wa wajukuu wangu kwa 15,000.

Miaka kumi na mitatu baadaye jirani yangu hapa Section 58 aliniomba nimsaidie mwanawe kusoma. Mtoto alileta kitabu chenye jalada jipya, mbuzi amechorwa upya, na hadithi imetiwa Kiingereza. Ukurasa wa pili palikuwa na orodha ya miaka ya chapa, mstari mzima umejaa. Jina langu lilikuwapo, kwa herufi ndogo. Niliketi na yule mtoto nikamsaidia kutamka maneno ya mbuzi wangu kwa lugha ambayo sikuyaandikia, na sikuwa na haki ya kumwuliza mtu yeyote hata thumni.

Hawakuniibia. Nilisaini. Na ndiyo maana nasimama hapa kama dada yako mkubwa kukwambia jambo ambalo mkulima yeyote wa Molo analijua. Mtu akija na mbegu za viazi anataka ekari zako mbili, unamkodishia. Misimu miwili, mitatu, bei ya ekari inajulikana, mpaka unajulikana. Analima, anavuna, anaondoka na magunia yake, na shamba linabaki pale pale, hati iko sandukuni mwako. Hakuna mtu Molo anayetoa hati ya shamba kwa sababu mtu anataka kupanda viazi. Riwaya yako ni shamba. Mchapishaji wa Nairobi anataka kupanda zao moja: kitabu cha karatasi, kwa Kiswahili, kwa soko la Kenya au Afrika Mashariki. Mkodishie hilo, na umkodishie kwa moyo mkunjufu, maana anaweka pesa zake udongoni. Yale mengine hajaleta hata mbegu zake.

Utaniuliza, yale mengine yana thamani gani kwa mtu asiyejulikana? Mwangalie Shafi Adam Shafi. Vuta N'kuvute ilikuwa riwaya ya Kiswahili, na mwaka 2021 Amil Shivji akaifanya filamu iliyoonyeshwa mpaka Toronto. Au ligeuze upande wa pili: Abdulrazak Gurnah aliandika Paradise kwa Kiingereza, ikatoka 1994. Mwaka uliofuata Nobeli yake, yaani 2022, Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam wakaitoa kwa Kiswahili kama Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Tafsiri ni kipande cha haki peke yake, filamu kipande peke yake, sauti kipande peke yake, na kila kipande kinaweza kukaa miaka ishirini na minane kabla mtu hajabisha hodi. Akibisha, nani atafungua? Ni yule mwenye hati.

Basi mkataba ukifika, usiusaini siku hiyo. Uchukue nyumbani, mchapishaji wa heshima atakuruhusu. Tafuta neno "zote" na ulizungushie penseli kila linapotokea. Tafuta "kukabidhi haki" na uone kama panaweza kuandikwa "kutoa ruhusa ya kuchapisha". Ni maneno mawili tofauti mbele ya sheria, la kwanza ni kuuza na la pili ni kukodisha. Uliza asilimia yako ni ya bei ya dukani au ya mapato halisi. Uliza taarifa ya mauzo inakuja mwezi gani, na kitabu kikiisha madukani bila kurudiwa chapa, haki zinakurudia baada ya muda gani. Hakimiliki ni yako tangu ulipoandika, hata bila cheti, ingawa unaweza kuisajili kwa KECOBO, yaani Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, mtandaoni, na mimi hushauri watu wasajili kabla ya kutuma, ili usingizi uje. Ukiogopa kuuliza haya, sikia neno la mtu aliyekaa upande ule wa meza miaka kumi na moja: sijawahi kuona mswada mzuri ukitupwa kwa sababu mwenyewe ameuliza swali kwa adabu. Nimeona wahariri wakishtuka. Kisha wanakwenda kumwuliza mkubwa wao, na mara nyingi jibu ni "mpe."

Yule kijana wa boda aliletewa mkataba mwezi uliopita. Alikuja nao kwenye ile bahasha ya kaki ya daftari, kalamu ikiwa tayari mfukoni, akataka asaini pale pale kwenye baraza yangu ili aukimbize kwa wasafirishaji kabla ya saa kumi. Nikamwekea chai. Tulisoma mstari kwa mstari, yeye kwa sauti, mimi na penseli, mpaka stima ikapotea tukaendelea kwa mwanga wa simu. "Zote" ilitokea mara tano. Alipofika kifungu kinachosema lugha zote alinyamaza kidogo, akaniambia mamake hasomi Kiswahili vizuri, anasoma Kikuyu, na alikuwa amepanga siku moja aiandike upya kwa ajili yake. Akaniuliza kama akisaini, atahitaji ruhusa ya watu wa Nairobi kumwandikia mamake.

Nikamwambia ndiyo, atahitaji.

Akarudisha kalamu mfukoni. Tuliandika barua fupi usiku ule, ya heshima, kuomba tafsiri na filamu zibaki kwake na muda uwe miaka saba. Tuliituma Jumatatu. Hawajajibu bado. Jana nimempita stendi, pikipiki imeegemea ukuta, yuko kwenye daftari la nane.